Sombe, Kisamvu na Simu ya Shangazi

Simu ya duka ina makundi thelathini na moja ya WhatsApp. Kuna mawili ya Watanzania wa Dallas–Fort Worth (la pili lilizaliwa baada ya ugomvi wa uchaguzi ndani ya la kwanza), kuna la Wakenya wa Arlington na Irving, la kina mama wa kanisa, la wazazi wa madrasa, la watu waliopitia kambi ya Nyarugusu, matatu ya Wakongo wa Houston, la wasafirishaji wa mizigo, la vijana wa mpira, na mengine ambayo hakuna anayekumbuka aliingizwaje. Juu ya hayo kuna Facebook, kuna Instagram, na kuna wauza vitenge wa Kariakoo ambao kila asubuhi humwaga picha mia kwa mpigo.

Duka lenyewe ni dogo, liko Fort Worth, na linauza vyakula na vitambaa. Mwenye duka ni shangazi wa mmoja wetu, mzaliwa wa Ujiji, na kwa kuwa anatulisha wote watatu tangu tuingie chuoni, sote tunamwita Shangazi. Wateja humwita Mama Duka. Mchana anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa DFW, hivyo duka hufunguliwa jioni na wikendi, na kila baada ya wiki mbili binamu hupakia gari na kushuka Houston kupeleka oda, safari ya kama maili 260. Yaani biashara yote, kuanzia kununua mpaka kuuza na kupeleka, inapita ndani ya ile simu.

Hapa chamani kuna wanaosema mtiririko wa habari na wanaosema mlisho. Sisi tunashika mlisho. Mtiririko ni maji, unaweza kukaa ukingoni ukayatazama yakipita. Anayelishwa hachagui. Mmoja wetu aliongeza kwamba malisho ni ya ng'ombe, na hapo tukaona mjadala umefika mahali pa kuuachia walimu.

Tulianza kumsaidia Shangazi Januari 2024, baada ya daktari kumwambia presha yake imepanda na kumuuliza analala saa ngapi. Jibu lilikuwa gumu. Texas na Dar es Salaam zinapishana saa nane wakati wa kiangazi, saa tisa wakati wa baridi. Saa nne usiku ya Fort Worth mwezi Julai ni saa kumi na mbili asubuhi ya Dar es Salaam. Yaani Shangazi anapovua viatu, Kariakoo ndiyo inafungua milango, Mtaa wa Biashara kule Mombasa unatandika leso zake, na ndugu wa Kigoma wanaamka na salamu, picha za jua, mistari ya dini na habari za nani kaumwa. Simu inaanza kulia yeye akiwa kitandani. Akizima sauti anaogopa kupitwa. Asipozima halali. Alishafika mahali pa kusema kwamba ataifunga laini, na sisi tulijua kufunga laini ni kufunga duka.

Kwanza tulihesabu. Kwa wiki nzima tulikaa na simu kwa zamu na kupiga mstari kwenye karatasi kwa kila ujumbe ulioingia: oda, swali la bei, tangazo la muuzaji, msiba, mchango, salamu, siasa, vichekesho, mengineyo. Ujumbe uliohusu duka moja kwa moja haukufika hata mmoja kati ya ishirini. Mwenzetu anayesoma biashara aliuona ukurasa ule akatoa ushauri ambao mtu yeyote wa fani yake angetoa: toka kwenye makundi yote, baki na wateja tu, weka majibu ya moja kwa moja, acha mashine ichuje. Hakuwa na upumbavu wowote katika ushauri huo. Karibu kila anayefundisha watu kuuza mtandaoni husema hivyo hivyo.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjazia chai, kisha akasema: "Mwanangu, mtu wa Houston hanunui kisamvu kwangu kwa kuwa hakipo Houston. Kipo tele. Ananunua kwangu kwa sababu alipofiwa nilikwenda nikakaa naye chini."

Na ni kweli, kipo tele. Maduka ya Waafrika ya barabara ya Bissonnet yanauza majani ya mhogo yaliyogandishwa, na vitenge vimejaa Harwin Drive, kama vile upande wetu vilivyojaa Harry Hines Boulevard kule Dallas. Bei ya Shangazi si ya chini kuliko zote. Anachowazidi wengine ni kwamba anajulikana, na mahali anapojulikana ni humo humo kwenye makundi yenye salamu, siasa na vichekesho. Ukiyaondoa umeondoa kelele, lakini umeondoa na duka. Hilo tulilikubali kwa hesabu zetu wenyewe, wala hatukusukumwa na huruma: karibu kila mteja mpya wa mwaka huo alikuja kupitia mtu aliyekuwa naye kundi moja.

Basi kazi ikawa kuchuja bila kutoka. Tulihamisha laini kwenye programu ya WhatsApp Business, ambayo ilianza mwaka 2018 na ambayo inakuruhusu kubandika lebo kwenye mazungumzo, kama makarani wanavyobandika karatasi za rangi kwenye mafaili. Makundi yote thelathini na moja tuliyanyamazisha na kuyaweka kwenye kumbukumbu, yasionekane juu. Kilichobaki mbele ni mtu aliyemwandikia Shangazi yeye mwenyewe. Kisha tukaweka nyakati mbili za kupitia makundi, alfajiri na jioni, dakika arobaini kila moja, na anayepitia ni mmoja wetu, kwa kutafuta maneno. Hapo ndipo Kiswahili kilipotuonyesha ukubwa wake.

Ukitafuta "kisamvu" utampata Mtanzania. Mkongo wa Kivu ameandika sombe. Aliyekulia Kinshasa ameandika pondu, mwenzake kaandika saka-saka. Mboga ni ile ile, imetoka kwenye mti ule ule wa mhogo, ikatwangwa. Kwa mashine hayo ni maneno manne yasiyojuana. Kitenge nacho kwa Mkongo mwingine ni kikwembe, na vikiwa vingi ni bikwembe. Kanga ya Mtanzania ni leso ya Mkenya, na anayeomba doti moja anataka vipande viwili, ila wapo vijana waliozaliwa Texas wanaodhani doti ni kipande. Unga wa ugali una majina ambayo tumeyaandika ukurasa mzima na bado yanaongezeka.

Hayo yangekuwa rahisi kama kazi ingekuwa kukusanya majina mengi ya kitu kimoja. Shida ya pili ni jina moja la vitu vingi, na hapo dagaa walitutesa. Mmoja wetu ametoka Kisumu, na kwao dagaa ni omena, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ambao Waganda huwaita mukene. Shangazi ni mtu wa Ujiji, na kwake dagaa ni wa Tanganyika, samaki wa aina nyingine kabisa, wenye ladha nyingine na bei ya juu zaidi. Mkongo wa Uvira akiandika ndakala anamaanisha hao hao wa Tanganyika. Kwa hiyo sombe na kisamvu ni kitu kimoja chenye majina mawili, ilhali "dagaa" wa mteja mmoja na "dagaa" wa mteja mwingine ni samaki wawili chini ya neno moja. Ukimpelekea mtu wa Kigoma omena kwa bei ya dagaa wa Kigoma, ataambiwa na ulimi wake kabla hajameza, na kesho kundi zima litajua.

Tulinunua daftari la mistari tukaliita Kamusi ya Duka. Upande wa kushoto jina kama mteja alivyoliandika, katikati bidhaa yenyewe kama ilivyo rafuni, kulia swali la kumuuliza kabla ya kufunga oda. Mbele ya "dagaa" swali ni: wa ziwa gani? Mbele ya "kanga" ni: vipande vingapi? Na kuna ukurasa wa saa. Mteja akiandika "nitapita saa mbili", je, ni saa mbili ya Kiswahili, yaani jua limechomoza muda mfupi uliopita au limezama muda mfupi uliopita, au ni saa mbili ya saa ya ukutani ya Marekani, mchana wakati Shangazi yuko ghalani? Watu wazima kwa kawaida wanamaanisha ya kwanza, watoto wao ya pili, na wanaobadilika kutegemea wanaongea na nani ndio wengi zaidi. Sasa tunajibu kwa tarakimu na neno, "8 asubuhi" au "8 jioni", hata kama tunaonekana hatuna adabu ya lugha. Walimu watusamehe.

Majina ya watu pia yana ukurasa wake. Kwenye simu mteja ni Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Pesa ikiingia kwa Zelle inakuja na jina la kwenye kitambulisho, ambalo hata jirani yake halijui. Kuna wiki tulikuwa na malipo sita yasiyo na mwenyewe na oda sita zisizolipwa, na ilitubidi tuyalinganishe kama wanaotafutiana wachumba.

Upande wa Instagram na Facebook kazi ilikuwa nyepesi, na hatutaukalia sana. Facebook ilianza mlisho wake Septemba 2006, na Instagram iliacha kupanga picha kwa muda zilivyowekwa mwaka 2016. Tangu hapo mashine ndiyo inayobashiri utapenda nini, na kwa ubashiri wake Shangazi alipenda video za harusi za Lagos, kwa sababu aliwahi kutazama tatu akitafuta mshono. Machi 2022 Instagram ilirudisha njia ya kutazama kwa mpangilio wa muda, pamoja na orodha ya vipenzi. Tuliweka wauzaji kumi na wawili kwenye vipenzi, Shangazi anawatazama hao tu, siku ya Jumapili mchana, akiagiza. Waliobaki wanaposti bure.

Wengi hulisahau jambo jingine. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Shangazi anaikumbuka siku hiyo kama siku ya ukiwa, maana namba za wateja wote zilikuwa ndani ya simu na mazungumzo yote ndani ya WhatsApp. Ndiyo maana Kamusi ya Duka, kurasa za nyuma, ina majina na namba kwa kalamu, yamepangwa kwa mitaa: Vickery Meadow, Irving, Arlington, Euless, kisha Houston, yaani Gulfton, Alief, Hillcroft. Mwenzetu wa biashara alicheka alipoliona. Tulimwacha acheke.

Julai 8, 2024 kimbunga Beryl kilipiga Houston, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 2 zikakosa umeme, baadhi kwa siku nyingi, katika joto lile la Julai. Makundi matatu ya Houston yalipasuka. Nani ana jenereta, nani ana barafu, mzee wa ghorofa ya pili ana dawa ya kisukari inayotakiwa kukaa baridi, mtandao wa simu unakwenda na kurudi. Siku hiyo lebo ya "Oda" haikuwa na kitu. Tulifungua daftari ukurasa wa Alief na Gulfton tukapiga namba moja moja, tukaandika nani yuko wapi na anakosa nini. Binamu alishuka na gari bila kitenge hata kimoja, lilijaa maboksi ya barafu na maji. Hakuna aliyetozwa. Hatusemi haya kujisifu, wengi walifanya zaidi yetu. Tunasema kwa sababu orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuza mboga ndiyo iliyojua mzee yuko ghorofa ya pili.

Turudi kwenye misiba, maana ndiko mzozo wetu na mwenzetu wa biashara ulikofikia. Tulikubaliana kwamba msiba uwe na lebo yake, nyekundu, na uwe wa kwanza kutafutwa alfajiri na jioni, kabla ya oda. Hapa tena neno si moja. Mtanzania anaandika msiba, Mkenya matanga, Mkongo kilio. Wengine hawaandiki lolote kati ya hayo: wanaandika "ametutoka", au "Inna lillahi" tu, au wanaweka picha ya mtu na mshumaa bila neno. Picha ya mshumaa haitafutiki kwa maneno. Hivyo anayepitia makundi ni lazima apitishe macho kwenye picha zote, na hizo dakika arobaini nyingi zinaishia humo.

Mwenzetu alipendekeza jibu la tayari. Programu inaruhusu, unaandika mara moja "Poleni sana kwa msiba, Mungu awatie nguvu", kisha kila ukiona msiba unabonyeza. Shangazi alikataa, na sisi tulikuwa upande wake tangu mwanzo, ingawa kwa sababu tofauti kidogo. Yeye alisema ni kama kumtuma mtoto kwenda kulia kwa niaba yako. Sisi tulitazama kundi la kina mama, ambapo pole hamsini zinazofanana zinafuatana mpaka chini, na mfiwa hazisomi. Anachokumbuka ni nani alipiga simu. Kwa hiyo utaratibu wetu ni kwamba sisi tunatafuta na kubandika lebo, kisha Shangazi anapiga simu kwa sauti yake akiwa njiani kwenda ghalani, bila kutaja duka. Akipata nafasi anakwenda. Mchango anautoa kwa jina lake, si kwa jina la biashara, na amekataza nembo ya duka isikaribie tangazo lolote la msiba. Tunajua wafanyabiashara wanaofanya kinyume chake, wanaoweka namba ya duka chini ya rambirambi. Watu wanawashukuru hadharani na kuwasema faraghani.

Wapo watakaoona kwamba tumebadilisha mzigo mabega tu: zamani alikesha Shangazi, sasa tunakesha sisi kwa zamu. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini dakika themanini kwa siku zikigawanywa kwa watu watatu si kukesha, na Shangazi analala kuanzia saa nne na nusu. Simu ya duka inalala sebuleni, ndani ya kabati la vyombo, na funguo anazo yeye.

Kilichotushinda mpaka leo ni ujumbe wa sauti. Wateja wetu wengi, hasa wazee na hasa Wakongo, hawaandiki. Wanabonyeza kinasa sauti na kuzungumza kama wamekaa kibarazani. Dakika ya kwanza ni salamu, na salamu hazikatwi. Ya pili ni watoto wote kwa majina. Ya tatu ni mvua ya nyumbani, bei ya mahindi, nani kafika salama kutoka kambini. Oda inakuja sekunde kumi za mwisho, mara nyingi baada ya "haya basi, Mungu akubariki", wakati sikio limeshachoka. WhatsApp ilianza kugeuza sauti kuwa maandishi mwishoni mwa 2024, na Kiswahili hakikuwemo katika lugha ilizoanza nazo. Hata kingekuwemo, tunatilia shaka kama kingekuwa Kiswahili cha Fizi, chenye Kibembe ndani yake na Kifaransa pembeni. Tulijaribu kuwaomba wateja waanze na oda kisha salamu. Mmoja alituma ujumbe wa dakika sita kueleza kwa upole kwamba watu hawaongei hivyo.

Kwa hiyo tunasikiliza. Mmoja wetu, aliyekulia Nyarugusu, ndiye anayezisikiliza za Houston, kwa sababu ndiye anayeelewa zote, na anazisikiliza akiosha vyombo. Ijumaa iliyopita zilikuwa kumi na nne. Bibi mmoja wa Gulfton alizungumza dakika saba na nusu, na mwishoni kabisa akataka sombe pakiti nne na ndakala kilo moja. Tulimpigia kumuuliza wa ziwa gani. Alicheka sana, akasema ndakala ni wa ziwa moja tu, kisha akaanza upya na salamu.